Mwangwi Si Ugonjwa

Ripoti ya altrasaundi ikisomwa kwa makini huwa na tahadhari ambayo mgonjwa hakuitarajia. Haisemi moja kwa moja kwamba ini limejaa mafuta. Husema mwangwi wa ini umezidi. Haisemi kuna jiwe katika kifuko cha nyongo. Husema kuna kitu chenye mwangwi mkali, kinachotupa kivuli nyuma yake, na kinachohama mgonjwa anapolala ubavu. Uvimbe wa tezi ya shingo nao huelezwa kuwa una mwangwi hafifu, kingo zake si laini, na urefu wake kwenda chini unazidi upana wake. Ugonjwa hutajwa mwishoni tu, katika mstari mmoja au miwili ya hitimisho, mara nyingi ukitanguliwa na "huenda" au "inaelekea". Wasomaji wengi huyaruka hayo yote ya juu wakaenda kwenye mstari wa mwisho. Makala haya yanadai kwamba kinachorukwa ndicho kilichopimwa. Mashine haikupima mafuta, wala jiwe, wala saratani. Ilipima mwangwi: ulirudi baada ya muda gani, na ulikuwa na nguvu kiasi gani. Kutoka hapo hadi kwenye jina la ugonjwa kuna kazi ya fikra inayofanywa na mtu, na makosa mengi yanayolaumiwa mashine, pamoja na matumaini mengi inayobebeshwa, hutokana na kuisahau kazi hiyo.

Tuanzie ndani ya mashine, kwa sababu huko ndiko dhana za kwanza zinakoingizwa. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia, kwamba zikipitishiwa umeme hutikisika. Kifaa anachokipitisha mpimaji juu ya ngozi, yaani transdusa, kina vipande vidogo vya mata ya namna hiyo. Vikitikiswa kwa umeme hutoa sauti ya megahezi 2 hadi 15 hivi, ilhali sikio la binadamu hukomea kilohezi 20. Kisha hunyamaza na kusikiliza. Sauti ikirudi, vipande vilevile hutikisika na kutoa umeme, na kompyuta hupiga hesabu. Hudhani kwamba sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi uliochelewa kwa mikrosekunde 13 umetoka kina cha sentimita 1. Lakini 1,540 ni wastani tu. Katika mafuta sauti huenda polepole zaidi, karibu mita 1,450. Katika mfupa huzidi 3,000. Mashine haijui sauti yake inapita wapi. Hudhani pia kwamba sauti imekwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka, kwamba imegonga mara moja tu, na kwamba kila kinachorudi kimetoka mbele ya transdusa na si pembeni. Dhana zote nne huvunjwa mwilini wakati wote, na kila inapovunjwa moja, alama hubaki kwenye skrini: kitu kinaonekana mahali kisipokuwapo, au kinaonekana mara mbili, au hakionekani kabisa. Kipande cha ini huweza kujitokeza ndani ya kifua, kwa sababu kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimeirudisha sauti na mashine ikadhani imepita. Mpimaji aliyefunzwa humaizi mara moja. Asiyefunzwa ana hakika ameona uvimbe kwenye pafu, na skrini iko upande wake.

Hata nguvu ya mwangwi haisemi kitu ni nini. Mwangwi huzaliwa mpakani, pale sauti inapotoka katika mata moja kuingia nyingine inayoikinza sauti kwa kiwango tofauti. Hewa na nyama zimetofautiana mno kwa hilo, kiasi kwamba zaidi ya asilimia 99 ya sauti hurudi mpakani mwao. Ndiyo maana mgonjwa hupakwa jeli, hewa isibaki kati ya transdusa na ngozi, na ndiyo maana mwanamke anayepimwa nyonga huambiwa anywe maji na asikojoe: kibofu kilichojaa huusukuma kando utumbo wenye gesi na kuipa sauti njia. Maji yenyewe hayana mipaka ndani yake, kwa hiyo hayarudishi chochote na huonekana meusi. Ila weusi huo ni wa vioevu vingi: mkojo, uvimbe wa maji usio na madhara, damu inayotembea katika mshipa uliotanuka. Uvimbe mweusi nyuma ya goti unaweza kuwa maji yaliyovuja kutoka kwenye kiungo, au ukawa ateri iliyovimba, na anayechoma sindano bila kutofautisha anacheza na maisha ya mtu. Kuna hata matezi ya limfoma, nyama tupu, yanayoonekana meusi karibu kama maji, kwa vile seli zake zimefanana mno hata sauti haikuti mpaka wa kuigonga. Na mwangwi mkali au hafifu ni maneno ya kulinganisha. Ini husemwa limezidi mwangwi kwa kulinganishwa na figo ya kulia iliyo jirani yake. Figo hiyo ikiwa na maradhi ya muda mrefu nayo hung'aa, na hapo kipimo cha ini kimepoteza rula yake. Tena mpimaji ana kitufe cha kukuza mwangwi. Akikizidisha, maji safi huonekana yana chembechembe. Akikipunguza mno, uvimbe wa nyama hugeuka maji mbele ya macho yake.

Historia ya kipimo hiki imejaa watu waliopata ishara halisi ya sauti wakaipa jina lisilo lake. Karl Dussik, daktari wa Austria, alichapisha mwaka 1942 kazi yake ya kupitisha sauti kichwani, akiituma upande mmoja na kuipokea upande wa pili, akitumaini kuona vyumba vya maji vya ubongo. Picha zilitoka, na vyumba vikaonekana. Miaka kumi hivi baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba sura za namna ileile hupatikana hata kwa fuvu lisilo na ubongo ndani yake: alichokiona Dussik kwa sehemu kubwa kilikuwa ni unene wa mfupa. Kisa cha Uswidi ni cha kufundisha zaidi, kwa sababu hakikuishia kwenye kushindwa. Daktari wa moyo Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz waliazima mashine ya kukagua nyufa za vyuma kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, na Oktoba 1953 wakarekodi kwa mara ya kwanza mwangwi unaotembea wa moyo wa binadamu. Waliamini kwamba mwangwi mkubwa waliouona ulitoka kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Baadaye ikabainika ulitoka kwenye valvu ya mitro. Hata hivyo, kabla ya jina kusahihishwa, walikuwa wameshaona kwamba mwendo wa mwangwi ule hubadilika kwa wagonjwa ambao valvu yao imebana, na taarifa hiyo ilimsaidia daktari wa upasuaji. Mwangwi ulikuwa na thamani wakati tafsiri yake ilikuwa na kosa. Hilo haliwezi kueleweka na mtu anayedhani kwamba mashine huonyesha picha ya moyo. Hueleweka pale tu tunapokubali kwamba mwangwi ni jambo moja na tafsiri ni jingine.

Ian Donald wa Glasgow ndiye anayetajwa kuwa baba wa altrasaundi ya uzazi, na inafaa kuuliza kwa nini yeye alifaulu. Mwaka 1955 alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake katika kiwanda cha maboila karibu na jiji hilo, kwenye mashine ya kukagua vyuma, akaona kwamba uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hurudisha mwangwi usiofanana. Akishirikiana na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, alichapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1958. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Mwangwi ulionyesha maji, akapasuliwa, akakutwa na uvimbe mkubwa wa ovari wenye maji, akapona. Mashine ya Donald haikuwa ya miujiza. Swali lake ndilo lililokuwa la kiasi: ni maji au ni nyama? Hilo mwangwi unaweza kulijibu. Tena alikuwa na hakimu, kwa sababu uvimbe alishaushika mkononi kabla ya kuupima, na wagonjwa waliopimwa walipasuliwa ukweli ukaonekana. Dussik alikuwa na swali kubwa mno bila hakimu wa kumwambia amekosea. Vigezo hivi viwili, swali linaloendana na mwangwi na hakimu asiyekuwa mwangwi wenyewe, vinatosha kupima karibu kila dai linalotolewa leo kuhusu altrasaundi.

Mtu anaweza kusema kwamba nimetilia chumvi, kwamba alama bandia ni dosari ambazo teknolojia inaendelea kuziondoa na siku moja zitakwisha. Jambo la ajabu ni kwamba madaktari hawataki ziishe. Kivuli cha jiwe la nyongo ni alama bandia: nyuma ya jiwe kuna nyama kama kawaida, ila sauti haikuifikia. Lakini kivuli hicho ndicho ushahidi bora kwamba kilichoko mbele yake ni kigumu, na programu ya kusafisha picha ikikifuta, daktari amepoteza kidokezo. Pafu ndilo limetoa mfano mkubwa kuliko yote. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba altrasaundi haifai kwa mapafu kwa kuwa yamejaa hewa, na kwa kufuata fizikia vilikuwa sahihi. Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi nchini Ufaransa, akaanza kuzisoma zile fujo zenyewe. Pafu linapoanza kushika maji, skrini huonyesha mistari mirefu inayoshuka kutoka juu hadi chini. Hakuna mistari ya namna hiyo ndani ya pafu la mtu yeyote. Ni sauti inayorudiarudia katika mchanganyiko wa maji na hewa. Lakini inapozidi, pafu limelowa. Mwaka 2008 utaratibu wake wa kuchunguza mgonjwa anayeshindwa kupumua kwa kutazama alama hizo ulichapishwa, na leo unafundishwa katika vyumba vya dharura duniani kote. Na hapa pia jina halimo katika mwangwi. Mistari ileile hutokea kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, kwa nimonia, kwa pafu lenye makovu, kwa UVIKO-19. Anayejua ni ipi kati ya hizo ni yule aliyemuuliza mgonjwa ameanza kuugua lini na akamtazama miguu kama imevimba.

Rangi za Dopla nitazipitia haraka, kwa vile kosa lake ni jepesi ingawa limeenea. Christian Doppler alieleza mwaka 1842 kwamba masafa ya wimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyokaribia au kuondoka, na mashine hutumia kanuni hiyo kupima mwendo wa damu. Nyekundu kwa desturi ni damu inayoijia transdusa, buluu ni inayoondoka. Nyekundu si ateri na buluu si vena, na transdusa ikigeuzwa upande rangi hugeuka nayo. Ikiwekwa wima kabisa juu ya mshipa, damu inayopita kwa kasi haionyeshi rangi yoyote, na mshipa mzima huweza kudhaniwa umeziba.

Takwimu ndizo zinazoaminiwa kuliko rangi, na pengine hazistahili kuaminiwa hivyo. Mjamzito akiambiwa mimba ina wiki 31 na siku 2, usahihi wa hizo siku mbili humfanya aone umri umepimwa. Kilichopimwa ni milimita: upana wa kichwa, mzingo wa tumbo, urefu wa paja. Umri umetafutwa katika chati. Mwaka 1973 H. P. Robinson, huko huko Glasgow, alionyesha kwamba urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni katika miezi mitatu ya kwanza hutabiri umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache tu. Sababu yake ni kwamba katika wiki hizo watoto karibu wote hukua kwa mwendo mmoja. Baadaye kila mmoja hufuata maumbile ya wazazi wake, chakula cha mama na afya ya kondo la nyuma, na kufikia miezi mitatu ya mwisho tofauti inaweza kufika wiki tatu huku au kule. Uzito unaokadiriwa nao hutokana na fomula, na kupotoka kwa asilimia 10 hadi 15 ni jambo la kawaida: mtoto aliyeandikwa kilo 3 anaweza kuzaliwa na kilo 2.6 bila mpimaji kuwa mzembe.

Chati zenyewe zina asili. Jedwali la Hadlock la mwaka 1991, ambalo mashine nyingi duniani bado zimewekewa, lilitokana na wanawake 392 wa Marekani, wengi wao weupe wa tabaka la kati. Mradi wa INTERGROWTH-21st ulijaribu kutoa kiwango cha dunia nzima kwa kuwafuatilia wanawake wenye afya na lishe nzuri katika miji minane, ikiwemo Nairobi na Muscat, na mwaka 2014 ukasema kwamba mama akiwa na hali njema, watoto hukua tumboni kwa kufanana popote walipo. Miaka mitatu baadaye utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi kumi, Kongo ikiwa mojawapo, ukatoa chati yake na kuripoti kwamba tofauti kati ya nchi na nchi zipo. Sioni kwamba ugomvi huo umekwisha. Athari yake ni kwamba milimita zilezile za mtoto yuleyule, zilizopimwa kwa ustadi uleule, zinaweza kuitwa udumavu katika mashine moja na hali ya kawaida katika nyingine. Mama huyo akianzishiwa uchungu mapema, aliyeamua si mwangwi bali ni jedwali.

Hakuna mahali ambapo pengo kati ya mwangwi na ugonjwa limehesabiwa waziwazi kama Uganda. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki huanza na maambukizi ya koo utotoni na kuharibu valvu polepole, na mara nyingi familia hujua mtoto akiwa tayari ameshindwa kupanda kilima. Stetoskopu huukosa ukiwa mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa shule nchini Msumbiji, uchunguzi wa kawaida ulipata takriban 2 katika kila 1,000, na eko, yaani altrasaundi ya moyo, ikapata takriban 30. Je, hao wa ziada walikuwa wagonjwa, au walikuwa na mwangwi tu? Kujibu swali hilo, jaribio lililofanyika Uganda, likapewa jina la Kiacholi lenye maana ya kulinda moyo wa mtoto, liliwapima watoto na vijana 102,200. Upimaji wa kwanza uliwaonyesha 3,327 kuwa na dalili za awali. Wataalamu walipowarudia kwa eko ya uthibitisho, wakabaki 926 waliokidhi masharti. Waliokubali waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa sindano ya penisilini kila mwezi, jingine halikupewa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 katika kundi la sindano, yaani asilimia 0.8, na kwa 33 katika kundi la pili, yaani asilimia 8.2.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021, husomwa kama ushindi wa eko, na ni haki. Lakini yasomwe yote. Kutoka 3,327 hadi 926 ni kusema kwamba takriban watoto 7 katika kila 10 waliotiliwa shaka mwanzoni hawakufika mwisho wa mchujo, na bila wale waliorudia kuangalia wangeanza sindano za kila mwezi za miaka mingi na kuishi wakijua wana moyo mbovu. Aidha, katika kundi lisilopata dawa, zaidi ya 9 katika 10 hawakuzidiwa kwa miaka miwili. Mwangwi uliashiria hatari, dawa ikaipunguza, na bado mtoto mmojammoja hakuweza kuambiwa kwa hakika yeye ni yupi. Alichokuwa nacho Ian Donald, yaani hakimu, jaribio la Uganda lilimpata kwa njia nyingine: kwa kusubiri na kuhesabu. Ndiyo maana leo dalili hizo za awali kwenye valvu za mtoto zina maana ambayo hazikuwa nayo mwaka 2007, ingawa mashine ni zilezile.

Pingamizi la kawaida zaidi hutoka kwa mtu mwenye nia njema: kupima kuna ubaya gani? Altrasaundi haina mionzi, haiumi, na kugundua mapema hakujamdhuru mtu. Jibu liko Korea Kusini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, vituo vya afya nchini humo viliongeza kipimo cha shingo kwa bei ndogo katika mpango wa kupima saratani nyingine. Kufikia 2011 kiwango cha saratani ya tezi ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Vifo vitokanavyo na saratani hiyo havikupungua wala kuongezeka. Uvimbe mdogo wenye mwangwi hafifu ulikuwapo siku zote katika shingo za watu waliokufa kwa mambo mengine wakiwa wazee. Sasa ulipewa jina, na karibu wote waliopewa jina hilo walipasuliwa. Wengi wakabaki na dawa ya homoni ya maisha yao yote, na baadhi yao sauti iliharibika. Tahadhari hiyo ilipochapishwa mwaka 2014 na magazeti ya Korea yakaibeba, idadi ya upasuaji ilishuka. Mashine za Korea hazikukosea hata moja. Chini ya hadubini vivimbe vile vilikuwa saratani kweli kwa ufafanuzi wa kitabu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila chenye mwangwi wa saratani na seli za saratani kitaenda kama saratani inavyokwenda.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwa upande wangu, na sitalikwepa. Ikiwa tatizo ni msomaji, basi tukiwafunza wasomaji mambo yatanyooka. Jaribio lililoitwa First Look, lililochapishwa mwaka 2018, lilifanya hivyo: wakunga, wauguzi na matabibu wa vijijini katika Kenya, Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistan walifunzwa kuwapima wajawazito, na kazi yao ikakaguliwa. Walipima vizuri. Hata hivyo, katika maeneo yaliyopewa altrasaundi, mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka kuliko kwingine, wala vifo na madhara makubwa ya mama na mtoto havikupungua. Wapo wanaolitumia jaribio hilo kusema altrasaundi ya wajawazito ni anasa. Naona linasema jambo jingine. Mtoto aliyekaa kitako, au kondo lililoziba njia, ni jina sahihi la mwangwi. Lakini jina hilo halimpasui mama. Linahitaji gari, barabara, damu ya kuongezwa, na daktari wa zamu aliyeamka. Kazi ya fikra niliyoisema mwanzoni haiishii kwenye hitimisho la ripoti. Inaendelea hadi uamuzi, na uamuzi usiokuwa na hospitali ya kuupokea ni karatasi. Kwa hiyo nakubali kwamba kumfunza msomaji peke yake hakutoshi. Ila hilo linaidhoofisha imani katika mashine hata zaidi kuliko linavyoidhoofisha hoja yangu.

Limebaki la programu za akili unde, zinazoahidi kumwondoa msomaji kabisa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo kutoka Lusaka na Chapel Hill, Marekani: watu wasio na mafunzo ya altrasaundi walipitisha kifaa cha bei nafuu juu ya tumbo kwa mpangilio uliowekwa, bila kutafuta kichwa wala paja, na programu ikakadiria umri wa mimba za wiki 14 hadi 27 kwa usahihi unaokaribiana na wa wataalamu wenye mashine za gharama. Hilo ni jambo kubwa kwa zahanati isiyo na mtaalamu, na anayelibeza hajui hali ya zahanati zetu. Lakini tazama limefaulu katika swali gani. Ni swali la namba moja, na wajawazito wale walikuwa na hakimu: kipimo cha miezi mitatu ya kwanza, ambacho hutoa umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache. Programu hujifunza kutoka kwa majibu iliyopewa. Ikifunzwa kwa vivimbe ambavyo watu walivipa majina bila kuvihakiki, itajifunza majina hayo kwa uaminifu, makosa yakiwemo, na kuyarudia kwa kasi na bila kusita. Programu iliyofunzwa mwaka 1942 kwa picha za Dussik ingekuwa bingwa wa kuona vyumba vya ubongo katika fuvu tupu.

Kuna wanaosema pia kwamba mgonjwa hahitaji kusikia haya, anataka kuambiwa ana nini. Ni kweli, na daktari anapojua amwambie. Ila mara nyingine kuficha kilichopimwa kunamletea mgonjwa madhara ya moja kwa moja, na mfano ulio karibu zaidi ni tarehe ya kujifungua. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki 24, hasa kwa ajili ya kujua umri wa mimba. Wajawazito wengi wa Afrika Mashariki huanza kliniki wakiwa wamechelewa, na wale waliowahi mara nyingi hupimwa tena mwishoni katika kituo kingine, chenye mashine nyingine na jedwali jingine. Karatasi mpya hutoka na tarehe mpya, na ya zamani husahauliwa kwa kudhaniwa kwamba kipimo kipya ni bora. Mtoto aliyedumaa tumboni sasa husomeka kuwa na umri mdogo kwa wiki tatu, udumavu wake hufutika kwenye kadi, na hakuna anayejua anahitaji kuangaliwa. Dawa yake ni kuandika pembeni mwa kila tarehe milimita zilizopimwa, siku zilipopimwa na chati iliyotumika, ili mkunga wa kituo cha pili ajue kwamba tarehe ya kushika ni ile ya wiki ya 10, na kwamba karatasi ya wiki ya 34 inamwambia ukubwa wa mtoto tu.